Kulwa Wawili wa Didia

Wanangu, mimi nimestaafu siku nyingi, lakini mkono wangu bado hauwezi kuiona karatasi imelala ovyo ukaipita. Juzi mmoja wenu alinijia na cheti chake cha kuzaliwa. Alikuwa amekikunja mara nne, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akakikalia ndani ya basi kutoka Isaka mpaka hapa Shinyanga mjini. Nilikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgonjwa. Yeye akacheka.

"Bibi, si nina picha yake kwenye simu?"

Nikamuuliza simu iko wapi. Ilikuwa kwa fundi. Ilidumbukia kwenye beseni la kufulia.

Mmeniomba niwaandikie jinsi ninavyotunza makaratasi ya ukoo, kwa kuwa sanduku hili litabaki kwenu. Nitawaandikia, ila nitawaeleza na lile nililoliharibu kwa mkono wangu mwenyewe, maana wengi wenu mlikuwa bado wadogo, na waliokuwa wakubwa kila mmoja analisimulia kivyake.

Kazi nilijifunzia masjala. Hicho ni chumba cha ofisi ya serikali ambamo majalada yote hukaa, na mtu akitaka kujua jambo la jana au la miaka ishirini nyuma anakuja kusimama dirishani kwako. Tulikuwa makarani wanne chini ya Mzee Luhende, mtu mwembamba, mkimya, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya wino na ya risasi. Alikuwa na tabia ya kulinusa jalada kabla hajalifungua. Mwanzoni nilidhani ana kasoro kidogo kichwani. Kumbe karatasi iliyoanza kuingia unyevu hunuka siku nyingi kabla doa halijaonekana. Hata mimi sasa nanusa. Mkinikuta nimeinamia sanduku pua mbele, msiogope.

Mwezi wangu wa pili pale, ilikuja barua ya uhamisho ya mwalimu aitwaye Shija. Nikaichomeka kwenye jalada la Mwalimu Shija, nikaipeleka ikaandikiwe, nikarudi kunywa chai yangu kwa amani. Kumbe walikuwepo walimu wawili wa jina hilo. Yule asiyehusika akafungasha kitanda, vyungu na kuku wake, akapanda lori mpaka Kahama. Alipofika, shule ikamwambia inangoja mwalimu wa hesabu. Yeye alikuwa anafundisha kilimo.

Mzee Luhende hakunifokea. Alinituma Kahama nikamwombe radhi mwalimu yule uso kwa uso. Mwalimu mwenyewe alinipokea vizuri. Mke wake ndiye aliyenishika, akaniambia tangu wahame kuku wameacha kutaga, akanizungusha banda zima nijionee.

Niliporudi, mzee akaniketisha.

"Wewe ni Msukuma," akasema. "Mapacha wakizaliwa, wa kwanza anaitwa nani?"

"Kulwa."

"Wa pili?"

"Doto."

"Anayewafuata?"

"Shija."

"Wakiwa wa kiume au wa kike, ni majina hayohayo. Sasa nihesabie akina Kulwa wa kijijini kwenu."

Nilifika wa sita nikaelewa.

"Basi ukiandika jina la mtu hapa kwetu hujaandika kitu bado. Andika mama yake ni nani. Andika alizaliwa baada ya nani. Halafu andika aliyekwambia ni nani, ili siku ukikosea pawe na mlango wa kurudia."

Nilimwitikia ndiyo mzee. Kazini nilimsikiliza mpaka siku ya kuagwa kwangu. Nyumbani ndiko nilikomsaliti.

Nilipostaafu nilianza kukusanya habari za ukoo wetu. Nilipita Didia, kijijini kwetu, nyumba kwa nyumba, na daftari na kalamu ya risasi. Hayo yalikuwa maisha matamu, wanangu. Wazee walikuwa bado wapo. Nilikaribishwa viazi vitamu vikavu vya michembe, nikapewa kigoda, nikasimuliwa nani alimwoa nani, ng'ombe gani walipotea na nani alisingiziwa. Siku nyingine nilirudi mjini na mstari mmoja tu wa maana na tumbo limejaa.

Karatasi ziliponizidi ndipo nikajifunza kuzilaza. Nilianza kwa mifuko ya nailoni, nikijiona mjanja. Masika ya kwanza zikatoka jasho ndani, wino ukahama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Nikahamia katoni chini ya kitanda, mchwa wakapanda kwenye ukuta wakala katoni mbili kuanzia chini, juu wakaacha kama hawajagusa. Ndiyo sababu sanduku la bati mnaliona limekaa juu ya matofali, limeachana na ukuta kiasi cha mkono kupita. Ndani nimetandika majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa, yasiguse karatasi. Pini za chuma nilizitoa zote, kutu yake inakula. Nafunga kwa uzi wa pamba, si kwa kukaza. Picha kila moja ina bahasha yake, na maandishi nayaweka kwenye bahasha kabla ya kuitia picha. Niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino nyuma ya picha ya arusi ya wazazi wangu, na mpaka leo ukiiinua kwenye mwanga, tarehe inapita katikati ya paji la uso la mama yangu. Na msigundishe kitu kwa gundi. Mtakuja kunikumbuka.

Sasa nije kwenye lile kosa.

Baba yangu alikuwa Shija. Kwa hiyo mbele yake walizaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa, baba yetu mkubwa, aliondoka Didia akiwa kijana akaenda Geita kuchimba dhahabu, na hakurudi. Hakuna barua, hakuna mtu aliyesema nimemwona. Baba alizeeka akimtaja. Kila gari la Geita likisimama barabarani aliangalia wanaoshuka. Mdogo wangu Masanja, tuliyezaliwa tumbo moja, alirithi macho hayohayo.

Masanja ana binti, Neema, ambaye alipata kazi ya duka la dawa huko Geita. Huko akapendana na kijana fundi pikipiki, Joseph. Mambo yakaenda kwa utaratibu, barua ya posa ikaletwa, ikapangwa siku ya wazazi kuja kujitambulisha. Baba yake Joseph anaitwa Paulo, mchimbaji mdogo, mikono yake imepasuka kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Tukala, tukanywa, wazee wakamwomba ataje asili yake.

"Mimi nimezaliwa Geita," akasema Paulo, "lakini baba yangu kwao ni Didia. Alikuja kuchimba. Alifariki nikiwa mdogo, sijui mengi. Jina lake Kulwa."

Masanja akanigeukia. "Dada, lete karatasi."

Nililifungua sanduku mbele ya watu wote, na niseme ukweli, nilijisikia mtu mkubwa. Nikatoa ukurasa wa baba mkubwa Kulwa, nilioupiga chapa safi bila kufuta hata herufi, nikasoma kwa sauti: Kulwa wa Didia, alikwenda Geita kwenye machimbo, akaoa huko mke aitwaye Nkwimba.

Paulo akainuka kitini. "Nkwimba ni mama yangu."

Masanja alilia kama mtoto. Alimkumbatia Paulo, akamwita kaka, akamzungusha kwa watu wote, huyu ni damu ya baba mkubwa. Mbuzi wawili walichinjwa siku ile. Paulo naye alikuwa akifuta machozi, hakuwahi kuwa na upande wa baba maishani mwake. Akaja akanishika mikono, akaniambia, "Kwa ukoo mimi ni mtoto wa mkubwa, lakini kwa umri umenizidi. Nitakuita dada."

Furaha ilitujaa hata ikachukua muda mtu kuwakumbuka wale wawili waliotukutanisha. Paulo akiwa kaka yetu, Joseph ni kaka yake Neema. Hakuna ndoa hapo. Wazee walisema kwa upole, lakini walisema. Joseph alitoka nje akaenda kusimama kwenye pikipiki yake. Neema aliendelea kukusanya sahani, moja juu ya nyingine, mpaka meza ikabaki tupu, na bado mikono yake ilikuwa inatafuta sahani.

Miezi ikapita. Paulo na Masanja walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili. Joseph aliacha kuja. Neema alikonda.

Siku moja alikuja hapa kwangu akitokea Geita, hakutaka hata chai.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Sitaketi sana. Nataka kuuliza kitu kimoja. Ule ukurasa uliousoma. Nani alikwambia kwamba babu Kulwa alimwoa Nkwimba?"

"Nilipata Didia."

"Kwa nani?"

Nikautoa ukurasa, nikaugeuza mbele na nyuma. Ulikuwa safi kabisa, haukuwa na jina la mtu aliyesema. Mimi, niliyefundishwa na Mzee Luhende, nilikuwa nimeandika kama vile ukoo wetu ulinijia ndotoni.

"Nitatafuta," nikamwambia.

"Tafuta, shangazi," akasema. "Kama ni ndugu yangu kweli nitakubali. Lakini nisikubali kwa sababu ya mashine ya chapa."

Nilikuwa na tabia mbaya: nikishanakili maandishi ya awali kwa usafi, yale machafu natupa. Baadhi nilikuwa nimempa mama muuza vitumbua wa jirani afungie. Kilichobaki kilikuwa katoni moja, mojawapo ya zile mbili mchwa walizoziguguna. Niliimwaga sakafuni nikakaa chini na goti langu bovu, nikachambua kutwa nzima, na kesho yake tena.

Nikapata vipande viwili, vimeshikana kwa pini iliyoota kutu. Cha kwanza kilikuwa cha daftari, na juu yake nimeandika aliyenieleza: Shangazi Kabula, mdogo wake baba yangu. Kulwa, pacha wake Doto, wa kike; huyo Doto alikufa kwa surua akiwa mtoto. Kulwa alikwenda Geita hajaoa. Hakuna habari tena.

Cha pili kilikuwa tiketi ya basi. Nyuma yake, kwa mwandiko wa mtu aliye mbioni: Kulwa, Geita, mke Nkwimba, Doto bado yuko.

Doto bado yuko. Doto gani? Wa kwetu alikufa mtoto. Nikakumbuka vizuri sasa. Nilikuwa kituoni Didia, basi linapiga honi, mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma akaniambia maneno hayo nikiwa mguu mmoja ndani. Sikumuuliza jina. Nilipofika nyumbani nikakibana na kile cha shangazi kwa pini moja, na nilipokuwa nanakili, yale maneno ya mwisho yalinikataa kuingia. Nikajiambia nimesikia vibaya. Nikayaacha nje ili ukurasa upendeze.

Mnaona, wanangu? Neno lililogoma kukaa ndilo lililokuwa linaniita.

Asubuhi nikapanda basi la Didia. Nilianza kwa Shangazi Kabula, naye akanirudia yaleyale bila kupunguza. Nikamuuliza kama kuna Kulwa mwingine aliyekwenda Geita. Akaniangalia kwa huruma.

"Walikwenda wengi, mwanangu. Yule wa ng'ambo ya kijito naye alikwenda. Pacha wake si yupo hapo nyuma ya ghala la pamba?"

Mzee Doto nilimkuta amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yamefifia. Nikamsalimia, mwangaluka, akaitika na kuniuliza mimi ni wa nani. Tulizungumza Kisukuma. Nikamwomba anieleze habari za pacha wake, bila kumwambia lolote, kama nilivyofundishwa: usimpe mtu jibu ndani ya swali.

"Tulikuwa hatuachani," akasema. "Hata kidole chake kilipokatwa na plau, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, mimi nilikuwa nimeshika ng'ombe. Nilifikiri amekwenda Geita kwa kunikasirikia. Alileta salamu mara moja, ameoa, mke anaitwa Nkwimba. Basi. Halafu tukasikia amekufa."

Nikatoka uani nikampigia Paulo.

"Dada, shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba. Paulo, baba yako alikuwa na alama mkononi?"

Nyuma yake nilisikia mashine ya karasha inasaga mawe.

"Kidole kidogo cha kushoto hakikuwepo," akasema. "Dada, umejuaje?"

Nilitaka kukata simu nisimwambie. Nilimwambia kwamba baba yake si Kulwa wetu. Nikampa na habari ya pili, kwamba pacha wa baba yake yu hai, yuko hatua chache kutoka niliposimama. Nilisikia tu karasha, kisha mtu akimuuliza kwa Kiswahili cha machimboni kuna nini, mzee, mbona umekaa chini?

Nikarudi kwa Mzee Doto nikamwambia kwamba Kulwa wake alizaa, na mtoto anaitwa Paulo, na mjukuu anaitwa Joseph. Aliniomba niyarudie majina hayo. Nikayarudia. Akasema alidhani ndugu yake alikufa hana mtu. Akamwita mkewe aje asikie, nikayarudia tena.

Ilibaki kumwambia Masanja. Nilikusanya wazee walewale, chumba kilekile, nikaviweka mezani vile vipande viwili na ile pini ya kutu. Nikaeleza nilivyokosea, tangu tiketi mpaka chapa. Sikumsingizia mchwa. Neema alikuwa amesimama mlangoni, ameficha uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na nilijua analia kwa furaha huku anaona aibu kufurahi mbele ya baba yake.

Masanja hakuinua macho.

"Ulinipa ndugu," akasema. "Sasa unamchukua."

"Ndiyo, Masanja. Nisamehe."

"Na baba mkubwa?"

"Hatujui alipo. Ni kama mwanzo."

Akainuka akaenda nje. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akawaambia wazee, "Basi waiteni wale vijana. Kama si ndugu, wasije wakaikosa na ndoa pia." Lakini kwangu alikaa mwaka mzima hajaja, na alipokuja alizungumzia mvua.

Ukurasa wa baba mkubwa niliuchana, nikaandika mwingine kwa risasi. Una mistari mitatu tu na jina la Shangazi Kabula chini. Ni mfupi na unauma, lakini ni wa kweli. Mkienda Geita kwa shughuli zenu, ulizieni. Vile vipande viwili nimevitunza ndani ya bahasha moja, kila kimoja kimekunjiwa karatasi yake, ili visishikane tena.

Arusi ya Neema na Joseph ilifanyika hapa Shinyanga. Mzee Doto aliletwa kwa gari, akakaa mbele, upande wa bwana arusi, ameshikilia mkono wa Paulo tangu kanisani mpaka ukumbini hataki kuuachia. Watu walipokwenda kucheza, Paulo akamwomba ruhusa dakika moja, akaja kwangu na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na picha ya baba yake imepasuka pembe, kadi yake ya ubatizo, na kipande cha barua.

"Sisi ni watu wa kuhama," akasema. "Leo tunachimba duara hili, mwezi ujao lile. Tunalala kwenye maturubai. Vitu hivi vitanipotea. Niwekee kwenye sanduku lako."

"Si sanduku la ukoo wenu, Paulo."

"Najua. Niwekee."

Nikamfungulia jalada lake palepale, juu ya meza ya keki, maana bahasha na kalamu ya risasi havitoki kwenye mkoba wangu. Nikaandika jina la Kulwa, mama yake, pacha wake, tarehe, aliyeleta. Nilipofika kwenye uhusiano na mtunzaji, mkono ukasita.

"Hapa niandike nini?" nikamuuliza.

Tukatazamana wazee wawili, muziki unapiga. Nikaandika: wakwe.

Paulo akainama akausoma mwandiko wangu polepole, akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa, umeandika vizuri," akasema. "Lakini mdomoni kwangu ni dada, nimeshazoea."

Jumapili iliyopita alipiga simu kutoka Geita. Kelele za karasha zilikuwa juu, hakusikika vizuri, akalazimika kupaza sauti mara tatu, dada shikamoo, dada shikamoo, mpaka nikamsikia nikaitika marahaba.